PHILIPP MELANCHTHON: MWALIMU ALIYEPIMA ILI AFUNDISHE

Kanisa la Kilutheri linapokumbuka mwanzo wake, jina la Dkt. Martin Luther hutangulia mengine yote, na ndivyo inavyostahili. Lakini kando ya Luther, kwa muda wa miaka 28, alisimama mtu mfupi wa kimo, mwembamba, mwenye sauti dhaifu, ambaye hakuwahi kuwekewa mikono ya uchungaji. Kazi yake maisha yote ilikuwa kufundisha. Ndiye aliyeandika Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, ambalo Kanisa letu hulikiri hadi leo. Watu wa nchi yake walimpa jina la heshima, yaani Mwalimu wa Ujerumani. Huyo ni Philipp Melanchthon.

Habari za maisha yake zimewekwa katika kitabu hiki cha miaka 100 ya usharika kwa sababu moja. Katika nchi yetu ya Mbulu na Hanang, Injili na shule vilitembea njia moja. Mwinjilisti ndiye aliyekuwa mwalimu, na nyumba ya ibada siku ya Jumapili ilikuwa darasa siku ya Jumatatu. Desturi hiyo haikuzuka yenyewe. Ina chimbuko lake, na sehemu kubwa ya chimbuko hilo ni mtu huyu tunayesimulia habari zake.

Kuzaliwa na Malezi

Philipp alizaliwa tarehe 16 Februari 1497 katika mji mdogo wa Bretten, kusini mwa Ujerumani. Baba yake, Georg Schwartzerdt, alikuwa fundi wa kutengeneza silaha na mavazi ya vita ya chuma. Mama yake, Barbara, alikuwa binti wa mfanyabiashara Johann Reuter, na watoto walilelewa katika nyumba ya babu huyo.

Babu hakuwa msomi mkubwa, lakini alijua thamani ya elimu. Alimwajiri kijana aitwaye Johannes Unger aje nyumbani kuwafundisha wajukuu wake lugha ya Kilatini, kwa kuwa wakati ule elimu yote ilitolewa kwa lugha hiyo. Kila siku Philipp alipewa mistari kadhaa ya mashairi, naye alitakiwa kueleza kila neno: limetoka wapi, limeungana na lipi, na kwa kanuni gani. Hakuna kosa lililoachwa lipite. Alipokosea alichapwa, kama ilivyokuwa katika shule zote za zama zile. Hata hivyo, alipokuwa mtu mzima Philipp alimkumbuka mwalimu huyo kwa upendo mkubwa, akisema kwamba walipendana kama baba na mwanawe, na kwamba ndiye aliyemfanya kuwa mwanasarufi. Si fimbo iliyomjenga mtoto yule. Kilichomjenga ni kwamba palikuwa na mtu mzima aliyekaa karibu naye kila siku, akajua neno gani amelielewa na neno gani bado, akamsahihisha papo hapo kabla kosa halijaota mizizi.

Mwezi Oktoba mwaka 1508 msiba uliingia katika nyumba ile mara mbili. Babu alifariki, na baada ya siku chache tu baba naye akafariki, baada ya kuugua kwa miaka kadhaa. Philipp alikuwa na umri wa miaka 11. Watoto wengi waliofiwa namna hiyo waliacha masomo, lakini ndugu hawakumwacha. Alipelekwa Pforzheim, akakaa kwa jamaa ya mama yake na kuingia shule ya Kilatini ya mji ule. Mkuu wa shule, Georg Simler, aliwafundisha kando Kiyunani wanafunzi wachache walioonyesha uwezo, na Philipp alikuwa mmojawapo. Huko pia alikutana na msomi maarufu Johannes Reuchlin, ndugu wa ukoo wao, aliyemtunza kwa vitabu. Mwaka 1509 Reuchlin alimpa jina jipya kwa kuligeuza jina la ukoo wao kuwa la Kiyunani. Schwartzerdt maana yake ni udongo mweusi, na Melanchthon ni hivyo hivyo.

Masomo ya Juu

Katika mwaka huo huo wa 1509 aliingia Chuo Kikuu cha Heidelberg akiwa na miaka 12, na mwaka 1511 alipata shahada yake ya kwanza. Mwaka uliofuata aliomba kufanyiwa mtihani wa shahada ya pili. Wakuu wa chuo walimkatalia. Hawakusema kwamba hajui. Walisema bado ni mtoto. Ndipo alipohamia Tübingen, na huko alipata shahada hiyo mwaka 1514. Heidelberg walihesabu miaka yake, Tübingen wakapima elimu yake. Baadaye, alipopewa madaraka ya kupanga shule, hakuligawa darasa kwa kuhesabu miaka ya kuzaliwa.

Mwaka 1518 Mfalme Mteule Frederick wa Saksonia alitafuta mwalimu wa Kiyunani kwa ajili ya chuo kikuu chake kipya cha Wittenberg, naye Reuchlin akamtaja Melanchthon. Alifika Wittenberg tarehe 25 Agosti akiwa na miaka 21. Walimu walipomwona jinsi alivyo mdogo wa umbo na mwenye haya, wengine walikata tamaa. Siku chache baadaye alitoa hotuba yake ya kwanza, iliyohusu kuyatengeneza upya masomo ya vijana, na mashaka yakaisha. Luther, aliyekuwa amemzidi miaka 13, alimfurahia tangu siku ile.

Shule Ndani ya Nyumba

Vijana wengi walikuja Wittenberg wakiwa na hamu kubwa na maandalizi madogo. Walikaa katika mihadhara wasiyoielewa, kwa sababu Kilatini chao hakikutosha. Melanchthon aliliona tatizo hilo, wala hakuridhika kusema kwamba vijana wa siku hizi hawana akili. Mnamo mwaka 1520, mwaka aliomwoa Katharina Krapp, alikuwa amekwisha kuanza kupokea vijana nyumbani kwake. Walikula mezani pake na kulala chini ya paa lake, naye akawafundisha msingi waliokosa, kila mmoja kuanzia pale alipofikia. Walisoma, wakaandika, wakatunga, na kucheza michezo ya kuigiza. Kazi hiyo aliifanya kwa takribani miaka 10, juu ya mihadhara yake ya chuo na vitabu alivyoandika, na ilimchosha. Nyumba yake haikuwa na utulivu. Lakini wengi waliopita pale wangerudi makwao bila kitu kama mlango ule usingefunguliwa.

Wakati huo huo palitokea hatari kubwa zaidi. Katika miaka ya 1521 na 1522, Luther akiwa mafichoni, wako waliohubiri Wittenberg kwamba Mkristo hahitaji kusoma kwa kuwa Roho Mtakatifu atamfundisha yote. Shule ya wavulana ya mji ilifungwa kwa muda, na wanafunzi wakaanza kuondoka chuoni. Melanchthon aliona kwamba Matengenezo ya Kanisa yangeweza kuua shule, na kwamba Kanisa lisilo na shule lingeshindwa kulisoma lile Neno ambalo Matengenezo yalikuwa yameliweka mikononi mwa watu. Mwaka 1523 alichaguliwa kuwa mkuu wa chuo. Aliagiza kila mwanafunzi awe na mlezi wa masomo atakayemshauri masomo yanayomfaa na kuangalia maendeleo yake. Aliagiza pia wanafunzi wawe na zamu za kusimama na kutoa hotuba mbele ya wenzao, ili kile walichojifunza kionekane. Mihadhara pekee haikumtosha. Alitaka ajulikane mtu wa kumwangalia kila kijana.

Mwaka 1526 wakuu wa mji wa Nürnberg walifungua shule ya juu kwa ushauri wake. Walimtaka awe mkuu wa shule hiyo kwa mshahara mkubwa, naye akakataa kuiacha Wittenberg, lakini alikwenda kutoa hotuba ya ufunguzi na kuwapendekezea walimu. Vitabu vyake vya sarufi ya Kilatini na Kiyunani viliendelea kutumika mashuleni muda mrefu baada ya kufa kwake.

Ukaguzi wa Sharika

Mwaka 1527 Mfalme Mteule Johann wa Saksonia aliwatuma watu kwenda kukagua sharika za nchi yake, na Melanchthon alikuwa mmoja wao. Walikwenda kijiji kwa kijiji wakiwauliza mapadri na waumini maswali mepesi kuhusu Sala ya Bwana, Imani na Amri Kumi. Walichokikuta kilimhuzunisha sana. Wakristo wengi hawakujua hata moja ya hayo, na baadhi ya waliowafundisha hawakuwazidi sana.

Hapo ndipo tunapoona moyo wa watu hawa. Upimaji ule ungeweza kuishia katika adhabu, au katika taarifa ndefu ya kuwekwa kabatini. Badala yake ulizaa vitabu vya kufundishia. Mwaka 1528 ulitoka mwongozo wa wakaguzi ulioandikwa na Melanchthon, na mwaka 1529 Luther alitoa Katekisimo Ndogo, ambayo watoto wetu wa kipaimara wanaisoma hadi leo. Wachache wanaoishika mkononi hukumbuka kwamba imetokana na matokeo mabaya ya mtihani. Waliopima waliona upungufu, wakajiuliza wao wenyewe wafanye nini.

Mwishoni mwa mwongozo ule Melanchthon aliweka mpango wa shule. Aliwagawa wanafunzi katika makundi matatu. Kundi la kwanza ni wale wanaojifunza kusoma. Hao wapewe kitabu cha alfabeti chenye Sala ya Bwana na Imani, waandike kila siku na kumwonyesha mwalimu maandishi yao, na kila jioni wapewe maneno machache ya kukumbuka. Kundi la pili ni wale wanaojua kusoma. Hao wafundishwe sarufi na hadithi fupi, na wazieleze kanuni kwa vinywa vyao. Kundi la tatu ni wale ambao sarufi imewakaa vizuri, nao waongezewe mashairi na elimu ya juu. Kilichompandisha mtoto kutoka kundi moja hadi jingine ni kujua, si kukua. Siku moja katika juma ilitengwa kwa mafundisho ya Kikristo, na siku hiyo mwalimu alipaswa kuwasikiliza watoto mmoja baada ya mwingine. Tena Melanchthon alionya dhidi ya kuwatwisha watoto lugha nyingi na vitabu vingi kwa mara moja, kwa kuwa walimu wafanyao hivyo hujitafutia sifa zao wenyewe na kuwaumiza watoto.

Mtihani wa Watumishi

Mwaka 1552 aliandika kitabu cha kuwapima wale waliotaka kuwekewa mikono ya uchungaji. Mtu angetazamia kitabu cha siri cha kuwanasa wasiojua. Melanchthon aliandika maswali na majibu yake kwa uwazi, ili kila anayejiandaa ajue ataulizwa nini na ajifunze kabla ya siku yenyewe. Mtihani wenyewe ulikuwa somo, na kijana aliyejiandaa kwa ajili yake alikuwa amekwisha kufundishwa.

Udhaifu Wake na Mwisho Wake

Melanchthon hakuwa malaika. Alikuwa na hofu nyingi, na mambo ya siasa yalimlemea. Luther alipofariki mwaka 1546, vita vilifuata na chuo cha Wittenberg kikafungwa kwa muda. Melanchthon alirudi kuwakusanya wanafunzi upya, lakini mwaka 1548 alikubali maafikiano na watawala ambayo Walutheri wengi waliyaona kuwa ni kulegeza imani, na lawama hizo zilimfuata hadi mwisho. Mpango wake wa shule nao ulikuwa na pengo kubwa. Ulikuwa mpango wa wavulana, na zaidi wavulana wa mijini. Mtoto wa kike na mtoto wa mkulima wa kijijini hawakupata nafasi ndani yake, ingawa Luther mwaka 1524 alikuwa amewaandikia wakuu wa miji akidai shule za wasichana pia.

Mke wake alitangulia mwaka 1557. Yeye mwenyewe alifariki tarehe 19 Aprili 1560, akiwa na miaka 63, katika nyumba yake ya Wittenberg. Alizikwa katika Kanisa la Ngome, karibu na kaburi la Luther. Nyumba yake bado imesimama, na tangu mwaka 1996 imo katika orodha ya urithi wa dunia.

Urithi Wake Kwetu

Wamisionari wa Leipzig walipofika Kilimanjaro mwaka 1893 walianza na shule pamoja na ibada, kwa sababu hivyo ndivyo Kanisa lao lilivyofundishwa tangu siku za ukaguzi ule. Kutoka Kaskazini desturi hiyo ilienea hadi nyanda zetu. Basi tuna haki ya kujiuliza Melanchthon angeona nini kama angekuja kukagua kutoka Dongobesh hadi Haydom, na kutoka Katesh hadi Basotu.

La kwanza, angelitambua tatizo la lugha. Mtoto wa Saksonia alizungumza Kijerumani nyumbani na kufundishwa kwa Kilatini. Mtoto wetu huzungumza Kiiraqw au Kidatoga nyumbani, hufundishwa kwa Kiswahili katika shule ya msingi, kisha Kidato cha Kwanza hukutana na Kiingereza katika karibu kila somo. Anapanda ngazi mbili ambapo mtoto wa mjini hupanda moja. Akinyamaza darasani si lazima awe mzito wa akili. Huenda anatafuta neno tu, kama vijana waliofika Wittenberg bila Kilatini cha kutosha.

La pili, angeona kwamba mitihani tunayo. Kuna upimaji wa kitaifa wa Darasa la Nne na wa Kidato cha Pili. Alama husomwa, majina hubandikwa, na mara nyingi habari huishia hapo. Aliyeshindwa huitwa mjinga, na baada ya muda mvulana yuko machungani na msichana amekwenda mjini kufanya kazi za ndani. Watu wa Mbulu na Hanang tunaelewa jambo hili kwa mfano wa hospitali. Katika Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955, mgonjwa hupimwa ili atibiwe. Daktari akipima damu, akasoma majibu kwa sauti mbele ya watu, kisha akamrudisha mgonjwa nyumbani bila dawa, tungesema amemwonea. Mtoto naye akipimwa asifundishwe, ameonewa.

Haya si mawazo ya karne ya 16 pekee. Nchini India shirika la Pratham limewasaidia watoto wengi kwa kusikiliza kila mtoto akisoma, kisha kuwapanga kwa kiwango chao cha kusoma badala ya darasa lao. Mpango wa Uwezo, ulioanza kuwapima watoto majumbani hapa Tanzania mwaka 2010, uliwaonyesha wazazi kwamba watoto wengi wa Darasa la Tatu hawakuweza kusoma hadithi ya Darasa la Pili. Makundi matatu ya mwaka 1528 yamerudi kwa jina lingine.

Usharika hauna mamlaka juu ya mitihani ya Serikali, lakini una vitu ambavyo Melanchthon alianza navyo: nyumba, meza, na watu wanaojua kusoma. Darasa la kipaimara huwakutanisha vijana wetu kila juma. Mwalimu akimsikiliza kila mmoja akisoma ukurasa mmoja, kando, bila kumwaibisha, atajua ndani ya majuma mawili nani anahitaji msaada na wa namna gani. Ukumbi wa usharika ambao hukaa mtupu jioni unaweza kuwa na taa na vikundi vitatu. Walimu wastaafu tunao. Vijana wa sekondari waliorudi likizo wanaweza kukaa na wadogo zao. Baada ya miezi mitatu wapimwe tena, ili tujue kama tumewasaidia kweli au tumewakalisha tu. Safari hii wasiachwe wale ambao mpango wa 1528 uliwaacha, yaani binti na mtoto wa mfugaji anayetoka mbali.

Tunapoanza miaka 100 mingine, tunaomba Mungu, aliyemwinua yatima wa Bretten kuwa mwalimu wa taifa zima, awainue walimu wa namna hiyo katika nyumba zetu. Na watoto watakaosoma kitabu hiki katika sherehe ijayo waweze kusema kwamba walipokwama palikuwa na mtu wa usharika aliyekaa karibu nao. Sifa na utukufu ni kwa Mungu Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Amina.